Fomu ya Bure Haimtoi Mtu Gerezani

Mwandishi anayetetea kubanwa kwa bajeti ya msaada wa kisheria huko Uingereza anatuambia tusipige kelele: Tume ya Mapitio ya Kesi za Jinai, iliyoanza kazi mwaka 1997 mjini Birmingham, haitozi hata senti, na mfungwa anaweza kujaza fomu mwenyewe. Kweli kabisa. Ila Tume inataka jambo jipya, yaani ushahidi au hoja ambayo mahakama haikuisikia. Aliye nyuma ya nondo ataupata wapi?

Amtazame Andrew Malkinson. Alitiwa hatiani mwaka 2004 kwa ubakaji asioufanya, akasota miaka 17. Mwaka 2007 vinasaba vya mwanamume mwingine vilionekana kwenye nguo ya mwathirika. Tume, pamoja na ubure wake, ilimkatalia mara mbili. Waliosukuma sampuli zipimwe upya ni Appeal, shirika la hisani, na Julai 2023 hukumu ikafutwa. Mwaka uliofuata Tume ikaomba radhi. Radhi!

Malipo ya serikali kwa mawakili wa jinai yalikatwa asilimia 8.75 mwaka 2014. Kupekua masanduku ya majalada ya zamani, kumsaka mtaalamu wa maabara, kubishana na polisi juu ya vielelezo: hiyo ni kazi ya miezi, na wakili naye ana kodi ya pango. Ndiyo maana wengi huzikwepa kesi hizi.

Hesabu ya akiba aliyotupigia mwandishi haina safu ya miaka 17 ya Malkinson. Airudie.