SAUTI YA JINI, NA BABU MNAYESEMA ANA MAJINI

Sehemu ya 1

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na ile meseji inayozunguka kwenye magrupu ya familia. Mnaijua. Picha ya Robin Williams anatabasamu, chini yake maneno: alikuwa na pesa, alikuwa na jina, alichekesha dunia nzima, lakini moyoni hakuwa na furaha, akajiua. Halafu mahubiri. Halafu vile vikatuni vya mikono iliyofumbatwa.

Wanaoisambaza hawana nia mbaya, najua. Lakini inachosema si kweli, na uongo huo unaumiza watu waliomo ndani ya nyumba zenu. Ndiyo maana nimeacha kukunja nguo nikakaa niandike.

Sehemu ya 2

Kwa wadogo zangu ambao jina haliwaingii: lile jini la bluu kwenye katuni ya Aladdin ya 1992, linaloongea haraka kama redio iliyobanwa kitufe, ndiye huyo. Alikuwa anaingia studio na karatasi ya maneno, kisha anaiacha karatasi na kubuni ya kwake, sauti baada ya sauti, na wachoraji wakawa wanachora kufuata mdomo wake. Mwaka uliofuata akatoka kwenye Mrs. Doubtfire, yule baba aliyeachika anayejivika ubibi ili awe yaya wa wanawe mwenyewe. Kama hujaitazama, itazame na watoto wakubwa. Mle ndani anacheza mtu anayeingiza sauti za katuni, na anaacha kazi kwa sababu ndege wa katuni kachorwa akivuta sigara na watoto wataona. Mimi kama nesi, kipande hicho tu ningempa tuzo. Wenyewe Oscar walimpa kwa Good Will Hunting, ya 1997, alipocheza mtaalamu wa saikolojia.

Alizaliwa Chicago mwaka 1951, akasomea uigizaji Juilliard kule New York, akajulikana kwenye televisheni kuanzia 1978. Na hakuwa malaika. Alitumia kokeini. Rafiki yake John Belushi alikufa kwa dawa za kulevya mwaka 1982, mwaka uliofuata yeye akapata mtoto wake wa kwanza, akaacha. Pombe ilimrudia baadaye, na mwaka 2006 akaingia kituo cha kusaidiwa kuacha. Kwa hiyo mhubiri wa meseji atasema, si unaona?

Subiri kwanza. Alipofariki, tarehe 11 Agosti 2014, akiwa na miaka 63, walimpima. Hakukutwa na pombe wala dawa za kulevya. Walichokikuta kilikuwa kwenye ubongo.

Sehemu ya 3

Hapa nisomeni polepole.

Ugonjwa unaitwa Lewy body. Ndani ya seli za ubongo kunajengeka vibonge vya protini, na kule vinakojengeka, kazi inaharibika. Vikiwa sehemu inayoongoza mwendo, mtu anatetemeka na kukakamaa. Vikiwa sehemu ya kumbukumbu na ya kuona, mtu anapotea njia ndani ya nyumba yake na kuona watu ambao hawapo. Kwa Robin Williams vilikuwa vimetapakaa karibu ubongo wote.

Mkewe, Susan Schneider Williams, aliyaeleza yote kwenye jarida la madaktari wa ubongo, Neurology, mwaka 2016. Na unajua dalili zilianzaje? Choo kigumu. Kiungulia. Shida ya mkojo. Usingizi hauji. Harufu hasikii vizuri. Mkono wa kushoto unatetemeka kidogo. Vitu ambavyo mzee wako akikuambia unamwambia ni uzee, kunywa maji.

Kisha hofu isiyo na sababu. Miaka michache nyuma mtu huyu alikuwa amesimama jukwaani Broadway miezi mitano, siku nyingine mara mbili kwa siku, maneno mamia kichwani, bila kukosea. Aprili 2014, akiwa anaigiza filamu Vancouver, alikuwa anashindwa kushika hata mstari mmoja. Mwezi wa tano akaambiwa ni Parkinson. Jina la Lewy body halikutajwa wakati yu hai. Familia ilielezwa baada ya maiti kupimwa.

Kinachonikaba ni kwamba mwaka 1990, kwenye Awakenings, alicheza daktari anayewaamsha wagonjwa wa ubongo kwa levodopa, dawa ambayo mpaka leo tunawapa wenye Parkinson. Alikuwa ameshazisoma dalili hizo kwa ajili ya kazi. Wala si kwamba alikosa madaktari. Alikuwa nao, wazuri, wa Marekani, na bado jina la ugonjwa lilichelewa. Sasa huyo mtu unamwambia alikosa furaha?

Na hata ingekuwa sonona tupu, ugomvi wangu ungebaki palepale. Sonona nayo ni ugonjwa, na mzazi mwenye kichanga wa wiki tatu anaweza kucheka kliniki akipima uzito wa mtoto huku usiku anawaza kwamba mtoto angekuwa bora bila yeye. Ukimtumia meseji ile, umemwambia afiche zaidi. Kama wewe ndiye unayewaza hivyo, mwambie mtu mmoja leo, nesi wa kliniki anatosha kuanzia. Usikae peke yako na hilo wazo mpaka kesho.

Sehemu ya 4

Turudi kwa babu.

Ninyi mnaoishi na wakwe au wazazi mnanielewa. Mzee anaongea na mtoto aliyekaa pembeni ya kitanda, na pembeni ya kitanda hakuna mtoto. Asubuhi yuko sawa, anauliza bei ya sukari, jioni hamjui mwanawe. Usiku anapiga mateke na kupiga kelele usingizini. Nyumba inakaa kikao, na jibu linatoka: ana majini. Au, akiwa bibi, neno baya zaidi. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa neno hilo, hatujasahau.

Yaani tunalipenda jini la kwenye katuni, tunalicheka na watoto, halafu binadamu aliyelipa sauti akiumwa tunasema alikosa imani, na babu akiumwa vilevile tunasema amepandwa nalo. Dua msiache, mimi pia naomba. Lakini dua haizuii mtu kupanda daladala kwenda hospitali.

Na mwende na maelezo. Andika kwenye daftari la kliniki la mtoto, ukurasa wa nyuma, hata hapo sawa: alianza lini kutetemeka, anaona nini, saa ngapi anachanganyikiwa, ameanguka mara ngapi. Kama amebadilika ghafla, jana mzima leo hajitambui, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Hiyo inaweza kuwa malaria, sukari, maambukizi ya mkojo, kiharusi. Ni siku hiyohiyo.

Sehemu ya 5

Hili ndilo lililonifanya niandike leo badala ya Jumamosi.

Msimpe mzee anayeona vitu sindano wala vidonge vya kutuliza mlivyonunua kwa ushauri wa jirani. Haloperidol ni dawa nzuri kwa mgonjwa wake. Kwa mwenye Lewy body inaweza kumkakamaza mwili mzima, ashindwe kumeza, ashindwe kuamka, na wengine hawarudi. Hata Robin Williams alipewa dawa ya jamii hiyo, tena na daktari wake, na mkewe ameandika kwamba ilisaidia kidogo huku na kumharibu vibaya kule. Hao walikuwa na daktari wa akili wa kuwapigia simu. Wewe una duka la dawa la mtaani na kijana anayesoma kiboksi.

Mkifika hospitali, mkaona mzee anaandaliwa sindano ya kutuliza, ulizeni kwa heshima: "Daktari, anatetemeka na anaona watu, inaweza kuwa Lewy body?" Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, ulizeni tena. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, anzieni hapo kama zahanati imewashinda.

Na yule ndugu wa kwenye grupu akiituma tena ile picha, mjibuni kwa maneno mawili tu: aliumwa ubongo.

Wiki ijayo namna ya kumlisha mzee anayepaliwa. Mama wa mapacha aliyeuliza kuhusu homa, nimekujibu pembeni, angalia meseji zako.