Boti chakavu za faiba ni mtaji, ila tusizinunue kwa macho

Ukitembea katika mialo ya Ziwa Victoria, au ukishuka pwani kuanzia Tanga hadi Mtwara, hukosi kukuta boti fupi ya faiba imegeuzwa kifudifudi chini ya mwembe, kuku wakilala chini yake. Nyingi ni za futi 14 hadi 17, zenye usukani kama wa gari, kioo cha mbele na viti vya kukaa kwa starehe. Zililetwa na mahoteli, klabu, misheni na miradi ambayo muda wake ulikwisha. Mashine iliuzwa, boti ikabaki.

Wapo wafanyabiashara wadogo wanaozinunua, na mimi siwacheki. Mbao nzuri za mvule na mninga zimekuwa adimu na ghali, na mtumbwi wa mbao unahitaji kalafati na matengenezo kila mwaka. Ninachopinga ni namna tunavyonunua. Mtu anauza ng'ombe wawili, au anachukua zamu yake ya mkopo wa VICOBA, kisha anatoa fedha taslimu kwa sababu rangi inang'aa. Miezi mitatu baadaye mashine inang'oka na kipande cha boti katikati ya maji.

Tuanze na asili yake, kwa sababu inaeleza mengi. Boti hizi za mwendo kasi zilitengenezwa kwa wingi nchini Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, familia zilipopata magari ya kuvuta trela na muda wa kwenda ziwani mwisho wa wiki. Kampuni ya Glastron, kwa mfano, ilianzishwa Austin, Texas, mwaka 1956, na Boston Whaler ikatoa boti yake ya kwanza ya futi 13 mwaka 1958. Wapenzi wa sinema watakumbuka kwamba boti ya Glastron ndiyo iliyoruka juu ya nchi kavu katika filamu ya James Bond ya mwaka 1973. Mafundi wa miaka ile ya mwanzo hawakuwa na uzoefu wa kujua faiba itadumu kiasi gani, hivyo wengi waliiweka nene. Ndiyo maana boti ya mwaka 1965 inaweza kuwa na ganda zima mpaka leo. Lakini ndani ya ganda hilo waliweka mbao, na mbao haikujifunza tabia ya faiba.

Sasa utaitambuaje? Angalia nyuma ya boti, kwa nje, upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Boti zote zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani tangu Novemba 1972 zinatakiwa kuwa na namba ya tarakimu na herufi 12 mahali hapo. Herufi tatu za kwanza ni za kiwanda, tano zinazofuata ni namba ya boti yenyewe, na nne za mwisho zinaeleza tarehe. Ukikuta zinaishia na 0573, ni Mei 1973. Ukikuta herufi M ikifuatiwa na tarakimu mbili, hizo mbili ndizo mwaka wa toleo. Kwa boti za kuanzia Agosti 1984, tarakimu mbili za mwisho kabisa ndizo mwaka wa toleo. Namba hii mara nyingi imefunikwa na rangi, kwa hiyo ikwangue taratibu kwa msasa laini na maji, usije ukaifuta. Boti za Ulaya za kuanzia katikati ya mwaka 1998 zina namba inayofanana na hiyo, ila huanza na herufi mbili za nchi.

Boti ya kabla ya mwaka 1972 haina namba hiyo. Hapo tafuta kibati cha kiwanda kwenye dashibodi au ubavuni, au matundu ya ribiti mahali kilipokuwa. Piga picha umbo la pua, vishikio na kioo, kisha mtafute kijana mwenye intaneti alinganishe na katalogi za zamani. Zipo nyingi, maana Wamarekani wanazipenda boti hizi kama sisi tunavyopenda Land Rover za zamani.

Msomaji anaweza kuuliza, jina la kiwanda linanisaidia nini mimi ninayetaka kubeba samaki? Linasaidia sana. Kibati hicho ndicho huonyesha nguvu ya mashine iliyokusudiwa. Ukijua aina, utajua kama chini ya sakafu kuna povu la kuelea, na mbao zilipita wapi kabla hujakata. Tena chombo chenye namba ya kudumu huwezi kubambikiwa kirahisi kikiwa cha wizi. Gari lisilo na kadi hatulinunui, sasa kwa nini boti?

Baada ya utambulisho ndipo ukaguzi, na hapa naomba tusiwe na haraka. Sehemu inayoua boti hizi ni ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Kwa nje ni faiba, lakini katikati kuna plaiwudi ya unene wa karibu inchi moja na nusu. Mashine ya nguvu farasi 40 ina uzito wa kilo 70 na zaidi, na inapokuwa katika kasi inasukuma ukuta huo kwa nguvu kubwa zaidi ya uzito wake. Maji yakipenya kwenye tundu moja tu la bolti, plaiwudi inaoza polepole wakati nje panaonekana pazima. Chukua nyundo ndogo yenye mpini, gonga kuanzia pembeni kuelekea katikati. Pazima panalia kwa sauti kali, na palipooza panatoa sauti ya kupwaya kama debe lililojaa pumba. Kisha legeza bolti moja ya chini. Yakitoka maji ya kahawia, umeshapata jibu. Mwenye boti akikataa usilegeze bolti, hilo nalo ni jibu.

Sakafu pia ikaguliwe kwa kutembea juu yake bila viatu, maana unyayo unahisi panapobonyea. Chini ya sakafu kuna mihimili ya mbao iliyofunikwa faiba, inayofanya kazi ya mataruma, na katika boti nyingi kuna povu. Povu hilo likikaa kwenye maji miaka mingi hunywa. Lita 200 za maji zilizonaswa humo ni kilo 200, yaani magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 unayoyasafirisha bure kila siku, mafuta yakiwa yako. Kama watu wanne wenye nguvu hawawezi kuinua upande mmoja wa boti ya futi 14 isiyo na mashine, ulizia kwanza kabla ya kutoa pesa.

Nyufa ndogo kama utando wa buibui kwenye rangi ya juu zisikutishe sana. Zinazohitaji kazi ni zile zilizopita hadi kwenye nyuzi.

Fundi faiba wa kuaminika atakata ukuta wa nyuma kutoka ndani, atoe mbao zote zilizooza, na aweke vipande viwili vya plaiwudi ya baharini ya milimita 18 vilivyogundishwa pamoja. Asikubali mwenye boti anayemwambia ajaze palipooza na kufunika juu. Ufa kwenye ganda lenye unene wa milimita 5 unatakiwa kusagwa kwa mteremko wa mara 12 ya unene, yaani milimita 60 kila upande, ndipo tabaka jipya lishike. Mafundi wetu wengi wanabandika kiraka kama cha baiskeli.

Kwa vifaa, hesabu haina siri. Mita moja ya mraba ya mati ya gramu 450 inakula takriban kilo moja ya rezini, na ikikauka inakupa unene wa karibu milimita moja. Hivyo ukijua eneo na unene unaotaka, unajua ununue kilo ngapi, na fundi hawezi kukudanganya. Dawa ya kugandisha huwekwa asilimia 1 hadi 2, na kwa joto letu asilimia 1 mara nyingi inatosha, maana yake gramu 10 kwa kilo. Dawa hiyo na ile ya kuharakisha kamwe zisikutanishwe zenyewe kwa zenyewe, zinaweza kulipuka. Na vijana wanaosaga faiba vifua wazi, wamefunga leso tu mdomoni, wapewe barakoa ya kweli. Vumbi la nyuzi za kioo halitoki kifuani kwa kunywa maziwa kama wanavyoambiana.

Sasa tuje kwenye fedha. Mimi hutumia kipimo kimoja: bei ya kununua pamoja na matengenezo yote isizidi nusu ya bei ya boti mpya ya ukubwa huo. Ikizidi hapo, subiri uongeze, au jiunge na wenzako mwombe mkopo wa boti mpya. Serikali imekuwa ikitoa mikopo ya boti za faiba kwa wavuvi kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na kikundi kilichosajiliwa kina haki ya kuomba.

Kosa kubwa zaidi la hesabu liko kwenye matumizi. Boti hii iliumbwa ipande juu ya maji na kuteleza, si kubeba shehena. Mashine ya nguvu farasi 40 ya mizunguko miwili ikifunguliwa yote hunywa kama lita 15 kwa saa. Boti nyepesi ikiteleza kwa kilomita 40 kwa saa, safari ya kilomita 40 inakula lita 15. Ijaze magunia ya dagaa hadi ishindwe kupanda juu, iende kilomita 15 kwa saa mashine ikiwa imefunguliwa vilevile, safari ileile inakula lita 40. Faida yote imeishia kwenye tangi. Dagaa waachiwe mitumbwi mipana. Boti hii ifanye biashara ya kitu chepesi chenye bei: mabondo ya sangara, samaki wachache wa daraja la juu kwenye barafu, vipuri, dawa, wageni wawili watatu.

Kuhusu abiria, kanuni inayotumika Marekani kwa boti isiyo na kibati cha uwezo ni kuzidisha urefu kwa upana kwa futi, kisha kugawanya kwa 15. Boti ya futi 14 kwa 6 inapata watu 5, na hiyo ni siku maji yametulia. Sisi tuliozika watu zaidi ya 220 wa MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa upande wa taasisi nina ombi. TASAC, iliyopokea masuala ya vyombo vya majini kutoka SUMATRA mwaka 2018, iandae fomu fupi ya Kiswahili ya ukaguzi wa boti kuukuu za faiba, yenye namba ya kiwanda, hali ya ukuta wa nyuma, sakafu na uwezo wa mzigo. Fomu hiyo ikigongwa muhuri, SACCOS ziipokee kama sehemu ya dhamana. Leo mwenye boti iliyotengenezwa vizuri na mwenye boti iliyopakwa rangi tu wanatazamwa sawa na afisa mikopo, wote wananyimwa, na anayefaidika ni yule wa rangi, kwa kuwa hakutumia gharama yoyote na bado atampata mnunuzi mwalo unaofuata.