Prosesa Kali, Mazabodi Legelege?

Mwezi huu naongea na wewe ambaye mwenzio anataka kuipandishia kasi kompyuta ya mezani kwa pesa ya nyumba. Usinune. Muulize kwanza: mazabodi gani? Maana prosesa ya bei mbaya juu ya mazabodi dhaifu ni harusi bila ndoa.

Kwa Intel, prosesa yenye herufi K, kama Core i5-13600K, inataka mazabodi ya Z690 au Z790. Kwenye B760 kasi imefungwa. Kwa AMD Ryzen 7000, B650 inaruhusu, A620 hairuhusu.

Halafu chungulia pembeni ya pale prosesa inapokaa. Sehemu inayopooza umeme wake iwe imefunikwa vyuma vinene vya kutoa joto. Ikichemka sana, prosesa inapunguziwa mwendo, na kasi mliyolipia hamuioni. Taa za rangi? Urembo tu huo!

La mwisho: garantii ya kawaida ya Intel na AMD hailipii prosesa iliyoungua kwa kupandishwa kasi. Kwa hiyo kaeni, mkubaliane wote wawili, ndipo pochi ifunguliwe.