Kahawa Inauzwa Ingali Maua



Kila mwaka, mwezi wa Septemba, mvua inarudi upande wetu wa ziwa Kivu, na baada ya siku chache miti ya kahawa ya Kalehe na ya Idjwi inavaa maua meupe. Mgeni akipita asubuhi anasifu harufu yake. Hajui kwamba mengi ya maua yale yamekwisha kuuzwa.

Septemba ni mwezi wa shule. Tangu 2019 Serikali ilisema shule zake za msingi hazilipishi, lakini mtoto wa sekondari analipa, na hata mdogo wake anataka daftari, viatu, na ile nguo ya bluu na nyeupe. Kahawa itaiva Machi mpaka Juni. Basi baba atafanya nini? Ndipo mnunuzi anapobisha hodi. Anakaa kitini, anauliza habari za watoto kwa sauti ya upole, anatoa feza mfukoni. Tuseme anatoa falanka 10.000 kwa ndoo moja ya kahawa, ambayo wakati wa mavuno ingeuzwa falanka 20.000. Miezi saba tu, na feza yake imezaa nyingine sawa nayo! Mkulima akiulizwa atasema, «Amenisaidia.» Tena anashukuru.

Watu hao ni nani? Si wapagani. Wanakaa mbele kanisani. Siku kuu ya mavuno sadaka yao ni kubwa kuliko yetu, na watu wanapiga makofi. Mimi katekista nimeandika majina ya watoto wao katika kitabu cha Komunyo ya kwanza, wala sikuwaambia wazazi neno lolote. Nalisema leo. Kununua jasho la mwenzako kwa nusu ya bei kwa sababu mtoto wake amefukuzwa shuleni ni riba, hata kama hakuna karatasi wala hesabu ya faida. Musa alikataza hata kulaza nje vazi la maskini lililowekwa rehani. Jua likitua lirudishwe. Sisi tunashika rehani mwaka mzima, na bado tunaimba.

Watajibu, «Feza yetu inaingia katika hatari. Mvua ya mawe ikipiga, tunapoteza.» Kweli, mara nyingine. Lakini mara ngapi mmesamehe deni baada ya mvua hiyo? Nimeona mjane akidaiwa mwaka wa pili ndoo za mwaka wa kwanza, na ndoo zimeongezeka njiani.

Tena kuna hasara isiyoonekana. Mtu ambaye kahawa yake si yake tena hana moyo wa kungoja tunda liwe jekundu. Anakwangua tawi lote, mabichi na mabivu pamoja, amalize deni. Kituo cha kuoshea kahawa kinataka tunda jekundu, limenyelwe siku ileile, lisichanganywe. Kilo 5 au 6 za matunda zinatoa kilo 1 tu ya kahawa kavu. Ukiharibu tunda, kilo hiyo moja inashuka bei kabisa. Halafu tunashangaa kwamba wanunuzi wa Ulaya wanasifu kahawa ya Kivu lakini nyumba zetu ni zilezile.

Lakini wenye kosa si wao peke yao. Tazameni nchi yetu jinsi Mungu alivyoigawanya. Pwani kuna wavuvi wa sambaza: wanavua usiku wa giza kwa taa, mwezi ukijaa wanapumzika, basi feza yao inaingia kila mwezi. Juu Numbi kuna ng'ombe, maharagwe na viazi. Wamama wa Minova wanapakia chakula katika maboti ya Goma. Mwenye ndizi anauza kila juma. Sisi wa kahawa tunapata mara moja kwa mwaka. Njaa ya feza ya mmoja inaangukia mwezi wa feza wa mwenzake. Utajiri wa namna hii mahali pengine wanautafuta.

Na tunaufanyia nini? Likelemba ya wakulima wa kahawa ni ya wakulima wa kahawa tu. Wote wanahitaji siku moja, wote mifuko mitupu siku moja. Wavuvi wana yao. Wahavu wana yao, Watembo yao, Washi waliohamia yao. Hatutaki kuweka feza pamoja na mtu wa lugha nyingine. Lakini sambaza tunakula wote, na samaki huyo naye ni mgeni: aliletwa toka ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960!

Alphonse Desjardins, mkristu wa Lévis katika Kanada, alichukizwa na riba iliyowaangusha watu wa nchi yake. Mwaka 1900 alianzisha sanduku la akiba na mikopo, na mpaka wake ulikuwa parokia, maana pale watu wanajuana. Mapadri wengi walimsaidia. Parokia ina mvuvi, mfugaji na mkulima pamoja.

Wazee watanikumbusha zaire, jinsi miaka ya 1990 akiba ilivyogeuka karatasi. Wana haki. Wengine watasema kuhusu 2025, mabenki ya Goma na Bukavu yalipofunga milango, na kuhusu wenye bunduki wanaofungua masanduku. Ndiyo sababu nasema feza isilale sandukuni. Mvuvi aweke Juni, mwenye kahawa akopeshwe Septemba, arudishe Aprili, mfugaji achukue Mei kununua dawa ya ng'ombe. Sanduku likipatikana tupu, mwizi ataiba daftari. Hesabu ishikwe kwa dola, isomwe kwa sauti mbele ya wote, na watunzaji wawe watatu wa lugha tatu.

Katika shirika letu tumeanza kuandika majina. Wavuvi wanne wamekubali, na mama mmoja muuza ndizi. Wakulima wa kahawa ni wengi zaidi, lakini wawili wameniambia wamechelewa: mnunuzi amekwisha kupita kwao.