Mama, Fungua Masanduku Yako

Katika nyumba za watumishi, awe mwalimu, mganga, bwana shamba au mchungaji, kuna barua moja ambayo ikifika hubadili maisha ya jamaa nzima. Ni barua ya uhamisho. Baba huisoma mara mbili, huikunja na kuitia mfukoni, na jioni hiyo hiyo mama ndiye anayeanza kuhesabu vyombo. Mwezi huu tuzungumze juu ya mama huyo anayefuata nyumba yake mpaka mahali asipopajua, na namna anavyoweza kuishi huko bila kujitesa wala kuwatesa watoto.

Sisi barua hiyo ilitutoa Lalago, wilayani Maswa, katika Mkoa wa Simiyu, ikatuleta Kisiwa cha Mafia. Lalago ni nchi ya pamba, dengu, ng'ombe na udongo mweusi wa mbuga. Maji mengi tuliyoyajua utotoni yalikuwa ya lambo. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, nayo imezungukwa na Bahari ya Hindi, ng'ambo ya mahali Mto Rufiji unapomwaga maji yake. Kutoka Dar es Salaam mtu hupanda basi Mbagala hadi Nyamisati, kisha huvuka kwa chombo mpaka Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Sasa tumo katika mwaka wa nne, na tunadhani tunaweza kusema neno.

Neno lenyewe ni hili: mama anayeishi kwa kupita hafaidi alikotoka wala alikofika. Tumewaona wengi katika nyumba za watumishi. Masanduku hubaki yamefungwa kamba chini ya kitanda. Hapandi hata mche wa mchicha, maana "tutahama tu." Jina la jirani halijui. Kutwa ni kulinganisha: nyama ya kwetu, maziwa ya kwetu, watu wa kwetu. Watoto wanasikia yote hayo, na mtoto anayesikia kila siku mama akipadharau mahali atapata wapi moyo wa kuwa na rafiki mahali hapo?

Tuanze na watu. Sisi wa bara tuna usemi mmoja mbaya, kwamba watu wa pwani ni wavivu. Mgeni akipita saa tano asubuhi akakuta nyumba imefungwa, uwanja haujafagiliwa na sufuria hazijaoshwa, hukata hukumu hapo hapo. Hajui kwamba saa ya mama huyo haiko ukutani, iko majini. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Siku hizo mwamba huwa wazi kabla ya adhuhuri, na akina mama hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza, wakainama juani mpaka maji yarudi. Wakirudi, ndipo wafagie, wapike na kulisha watoto. Alasiri utawaona wamekaa chini ya mwembe, na mgeni atasema tena wamekaa tu. Tazama mikono yao: inasuka ukili wa mkeka au inasuka makuti. Huo ndio ubao wa darasa na sukari ya nyumbani. Mama wa Lalago aliyeinama katika shamba la pamba na mama wa Mafia aliyeinama mwambani, migongo yao inauma sawasawa.

Nao watu wa pwani wana maneno yao juu yetu. Husema Wasukuma tunazungumza kama tuko machungani, na kwamba "r" na "l" zimetupotea njiani. Watoto wetu walichekwa shuleni kwa sababu hiyo. Wakaja nyumbani wananuna. Tuliwaambia wacheke pamoja na wenzao, kisha wajifunze. Leo ndio wanaotusahihisha sisi wazazi.

Jikoni nako kuna elimu. Juma la kwanza mtoto wa jirani alikuja akasema, "Mama anaomba mbuzi." Binti yetu akamjibu kwa adabu kuwa mbuzi wetu wote wamebaki Lalago kwa babu. Mama wa nyumba ya pili alicheka hadi akakaa chini, kisha akaja mwenyewe kutuonyesha kibao chenye ulimi wa chuma ambacho watu wa huku hukikalia kukuna nazi. Yeye ndiye aliyetufundisha kukamua tui la kwanza na la pili, na kuchemsha tui huku ukilikoroga ili lisikatike. Sisi tulimpa michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani ambavyo mama mkwe alitufungia katika kiroba. Kwetu hupikwa kwa maji na kuliwa na karanga. Yeye akaipika kwa tui, ikawa futari, na mwezi wa Ramadhani uliofuata tuliulizwa na nyumba tatu kama kiroba kimekwisha. Hapo tuliona kwamba mgeni naye ana cha kutoa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaongeza kuwa mgeni mwenyewe aliombe hilo jembe.

Kwa kuwa tuko katika kazi ya uuguzi, hatuna budi kusema na juu ya afya. Tulipokuwa tukifunga mizigo, jamaa walituonya sana: "Msiwape watoto madafu, wataota mabusha!" Neno hili limeenea bara na hata pwani kwenyewe. Akina mama, dafu halileti busha. Busha na matende husababishwa na minyoo midogo sana inayoenezwa na mbu. Mbu humuuma mwenye vijidudu hivyo katika damu, kisha huwapelekea wengine, na mtu huumwa mara nyingi kwa muda mrefu kabla maradhi hayajaonekana. Ni kweli ugonjwa huu umeutesa sana ukanda wa pwani. Ndiyo maana mwaka 2000 Wilaya ya Mafia ilikuwa ya kwanza Tanzania Bara kuanza kuwagawia wananchi wote dawa za kumeza ili kuutokomeza. Basi kinga ni chandarua, kufunika mashimo ya vyoo, kuondoa maji machafu yaliyotuama, na kukubali dawa zinapogawiwa. Madafu waacheni watoto wanywe. Samaki nao ni lishe njema kwa mtoto anayekua, na aliyezoea nyama na maziwa hatapungukiwa kitu akizoeshwa polepole, mradi mama aondoe miiba vizuri.

Jambo lililo zito zaidi ni safari. Kisiwani njia ni bahari, na bahari ina wakati wake. Kaskazi huvuma miezi ya joto, na kusi huja baada ya hapo. Kusi likichafuka, chombo hakitoki, hata nahodha akiombwa kwa machozi. Mama mjamzito akihitaji kupelekwa hospitali kubwa zaidi, kati yake na Dar es Salaam kuna maji. Lakini tusidhani hilo ni la kisiwani peke yake. Huko Lalago mvua zikikolea, udongo wa mbuga hunata kama gundi, gari likazama hadi mlangoni, na mama mwenye uchungu akangoja vilevile. Kila mahali pana siku ambazo njia hufungwa. Mama mwenye busara anazijua siku za mahali alipo, anajiandaa kabla hazijafika.

Kwa hiyo ewe mjamzito, hasa uliye mgeni, nenda kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12. Jua kundi la damu yako. Kama umewahi kupasuliwa, kutokwa na damu nyingi au una mimba ya mapacha, mweleze muuguzi tangu siku ya kwanza ili mpange pa kujifungulia mapema. Weka nauli kando na mchague mapema atakayekusindikiza na atakayebaki na watoto. Ukitokwa na damu, ukiumwa sana kichwa, ukiona maluweluwe, ukivimba uso na mikono, ukipata homa, au mtoto akiacha kucheza tumboni, usingoje kupambazuke. Na hapa ndipo ujirani unapokuwa dawa. Mama asiyejua jina la jirani atambishia nani hodi saa nane za usiku?

Tuliujua uzito wa hilo katika mwezi wa saba wa mwaka wetu wa pili. Kusi lilikuwa kali. Usiku simu ililia kutoka Lalago: bibi yao watoto, mama mzazi wa baba wa nyumba yetu, amefariki. Vyombo havikutoka siku mbili. Ndege zipo Mafia, lakini nauli ya jamaa nzima haikuwa ya mshahara wetu. Mazishi yakapita bila sisi. Wale wanaojua mila za Kisukuma wataelewa maana ya mtoto wa kiume kutokuwapo kaburini kwa mama yake.

Asubuhi, kabla hatujajua la kufanya, majirani walikuwa wamekwisha kuingia. Walitandika mikeka yao sebuleni kwetu. Mmoja aliwasha moto, mwingine akawaogesha watoto. Wazee wakamchukua baba wa nyumba wakakaa naye nje, hawakusema mengi. Siku tatu walikaa tanga pamoja nasi kwa ajili ya bibi ambaye hawakumwona kamwe, aliyezikwa katika nchi wasiyoijua, tena kwa ibada ambayo si yao. Waumini wenzetu wa kanisa dogo la hapa walikuja jioni kuomba na kuimba, na majirani wale wakanyamaza kwa heshima mpaka tukamaliza. Kama tungekuwa tumefunga mlango wetu miaka miwili, nani angekuja?

Wengine wametuuliza, je, si hatari kwa imani ya watoto kukulia mahali ambapo Wakristo ni wachache? Sisi hatuoni hivyo. Imani ya mtoto hujengwa nyumbani, kwa sala ya jioni na kwa mwenendo wa wazazi. Mtoto anayewaona wenzake wakifunga, naye huuliza maswali mema juu ya imani yake mwenyewe. Mwezi wa mfungo hatuli hadharani, maana ni adabu. Sikukuu ya Idi sahani huja kwetu, na siku ya Krismasi huenda kwao. Na sahani hairudi tupu. Nabii Yeremia aliwaandikia watu wake waliopelekwa mbali Babeli kwamba wajenge, wapande bustani na kuutakia mema mji waliomo. Kama ushauri huo uliwafaa mateka, je, sisi tuliohamishwa na mshahara juu?

Katika kupanda kuna jambo moja tulilojifunza hapa. Sisi wa nchi ya pamba tumezoea kupanda, kuvuna, kisha kung'oa na kuchoma mabua ili wadudu wasibaki. Kila mwaka unaanza upya. Watu wa Mafia ni watu wa minazi. Mnazi mrefu wa asili huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huzaa miaka mingi sana, hata wajukuu wakala. Anayeupanda hupanda akijua kuwa wengine watakula. Nyuma ya nyumba yetu, ambayo si yetu, tumepanda miche miwili. Huenda barua nyingine itakuja kabla hatujaonja dafu lake. Haidhuru. Madafu tunayokunywa leo ni ya mtumishi aliyetutangulia, ambaye hata jina lake hatulijui.

Basi mama uliyehamishwa, uwe kisiwani, mjini au milimani, fanya haya. Juma la kwanza fungua masanduku yote, utandike mashuka mazuri, usiyatunzie mahali utakapohamia. Nenda ukasalimie nyumba nne zinazokuzunguka kabla hujawa na shida. Jifunze chakula kimoja cha mahali hapo, ukafundishe kimoja cha kwenu. Uliza mvua, upepo na njia. Panda kitu. Wafundishe watoto Kisukuma, Kihaya au Kinyakyusa chao wasisahau kwao, lakini usiwaruhusu kupacheka wanapoishi. Na ukimkumbuka mama yako hadi ukalia, lia, wala usione haya. Kisha nawa uso, umpigie simu, umwambie habari za mahali ulipo, mema pamoja na mabaya.

Nawe mama mwenyeji uliyezaliwa hapo hapo, umeona gari limeshusha vyombo nyumba ya jirani leo? Usingoje mgeni aanze. Chukua kikombe cha chumvi au chungu cha maji, upige hodi.