Kisigino Chembamba, Balaa Nene

Kama umewahi kualikwa harusi ya uani pale Maisaka, Babati, mvua ikiwa imenyesha jana yake, picha unaijua. Dada katoka na mchuchumio wa nguvu, hatua ya tatu tu kisigino kimezama, kiatu kimebaki nyuma. Mumewe, badala ya kumpa mkono, anacheka: "Siku hizi umekuwa mzito, mama!"

Kaka, hapo umechemsha. Tatizo si kilo, ni eneo.

Shuleni tuliliita kanieneo, yaani kani gawanya kwa eneo linaloibeba. Dada wa kilo 60 akiegemeza nusu ya uzito wake kwenye kisigino cha sentimita moja ya mraba, udongo pale unabebeshwa kilo 30. Sasa mchukue tembo wa Tarangire, jirani yetu wa Manyara, mwenye tani 4. Akisimama kwa miguu yote, kila mguu unabeba kilo 1,000. Lakini wayo wenye kipenyo cha kama sentimita 40 unazisambaza, kila sentimita ya mraba haipati hata kilo moja!

Bibi zetu walilijua hili bila kalkuleta. Ndoo hukaa juu ya kata ya kanga, na mtoto hubebwa kwa mbeleko pana, si kamba.

Ila kuna mahali ambapo jambo hili si la kucheka. Nyumba nyingi zina mzazi aliyepooza, analala kutwa. Uzito wake unaishia sehemu chache zenye mifupa: makalio, nyonga, visigino. Ngozi inayobanwa pale hukosa damu, na kidonda kinaweza kuanza ndani ya saa chache tu. Mgeuzeni kila baada ya saa 2 hivi. Wekeni mto chini ya ndama za miguu ili visigino visiguse godoro. Nyoosheni shuka, mikunjo nayo hubana. Mkiona ngozi imebadilika rangi, ina joto au imekuwa ngumu, wahini kituo cha afya.

Na usiku mgawane zamu. Mara nyingi anayeamka ni mke peke yake, hata kama mgonjwa ni mama mzazi wa mume. Kaka, zamu ya saa nane ni yako.

Na wewe dada, Maisaka nenda na viatu vya chini, mchuchumio uutie kwenye mkoba. Tukutane mwezi ujao!