Si Kila Neno Ling'aralo Huangaza



Imekuwa ada, mhadhara ukimalizika, watu kusema kuwa ulikuwa wa kuangaza nyoyo. Lakini umuulizapo msemaji ni jambo gani lililombainikia, aghlabu atakusifia sauti ya shekhe na wingi wa Kiarabu chake. Hiyo ni sifa iliyowekwa mahali pasipo pake, na madhara yake si madogo.

Katika Kiarabu sifa hiyo ni munir. Asili yake ndiyo iliyotupa neno nuru, na hata mnara, yaani mahali pa nuru. Munir ni jina la mtendaji litokalo katika kitenzi anara: kung'aa, au kukiangazia kitu kingine.

Tutazame matumizi yake katika Qur'ani Tukufu. Mwezi umesifiwa hivyo katika Surat Al-Furqan (25:61). Mtume (s.a.w.) ameitwa taa yenye sifa hiyo katika Al-Ahzab (33:46). Na katika Al-Hajj (22:8) analaumiwa mtu abishanaye juu ya Allah bila ya elimu, wala uongofu, wala kitabu chenye sifa hiyo. Basi hapa munir si pambo la maneno, bali ni sharti la hoja. Taa haisifiwi kwa nakshi zake ilhali waliomo chumbani wangali gizani. Husifiwa kwa kile wanachokiona.

Hapa ndipo tunapojihasibu sisi walimu. Mtoto anahitimu msahafu, nasi twamfanyia karamu, naye hawezi kueleza maana ya Al-Fatiha aisomayo katika kila rakaa. Kisomo chake kina thawabu, hatukatai. Lakini akiuliza maana akajibiwa kwa bakora, basi aliyeshika taa ndiye aliyeifunika.

Wako wasemao kuwa maana ni ya wanavyuoni, watoto wahifadhi tu. Tunawajibu: kuhifadhi na kufahamu havigombani. Aya moja ikifasiriwa kila siku haizuii hifdhi, bali huitia nguvu.

Na tukumbuke kuwa mwezi hauna mwanga wa dhati yake. Huupokea kwa jua kisha ukatufikishia. Mwalimu naye ni hivyo hivyo. Basi baada ya kila darsa tusiulize, "Nimesema vizuri?" Tumuulize mwanafunzi, "Umefahamu nini?"

Wabillahi tawfiq.